Keki ya Wakwe na Simu ya Mjomba

Nilijifunza kuendesha gari nikiwa nimeketi kitandani. Usukani ulikuwa kifuniko cha sufuria, gia ilikuwa mwiko, na chini nilipanga matofali matatu: klachi, breki na mafuta. Mwalimu wangu alikuwa kitabu kisicho na jalada, nilichokipata kwa muuza vitabu kuukuu mmoja hapo Kisumu. Siku moja Mama aliingia na kunikuta nimetoa mkono nje ya dirisha la chumba, nakata kulia. Alirudi nyuma akafunga mlango taratibu, kama mtu aliyefungua bafu kwa makosa.

Kitabu hicho chote nilikihifadhi kichwani. Palipokosekana jambo niliongeza mwenyewe kwa penseli. Kwa mfano, hakikusema lolote kuhusu mpunga. Upande wa Ahero, baada ya mavuno, watu hutandaza mpunga kwenye maturubai ukingoni mwa lami, kwa sababu lami hushika joto na mpunga hukauka upesi. Wenyewe huweka mawe na matawi ili magari yapite kando. Niliandika pembeni mwa ukurasa: *Ukiona matawi, punguza mwendo. Pana mtu anageuza mpunga.* Nikapigia mstari neno mtu. Nasema haya ili ijulikane kwamba nilijua.

Leseni niliipata nilipojaribu mara ya tatu. Mjomba wangu, ndugu yake Mama, alikuwa na duka la mabati na pikapu moja, na alitafuta dereva. Mimi niliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na sikuwahi kusifiwa kwa jambo lolote nililojifundisha. Basi ikafika harusi ya dada yangu, kanisani karibu na Katito, na Mjomba akaniita dukani.

"Utaleta keki kutoka Kisumu," akasema. "Keki na shangazi yako. Vikifika vyote vizima, Jumatatu ufunguo wa pikapu ni wako."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na hii utakaa nayo."

Akanipa simu yake ya mkononi. Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini na simu hizo zilikuwa chache sana mjini. Yeye mwenyewe aliibeba kama watu wabebavyo yai. Alisema atanipigia kutoka kibanda cha simu cha Katito ajue nimefika wapi. Nilirudi nyumbani nikajiwekea sheria: nitapokea kabla ya mlio wa tatu, na nitataja mahali nilipo kwa usahihi. Kusema tu "niko karibu" niliona ni tabia ya watu wazembe.

Keki aliioka shangazi, dada ya Baba. Kwetu shangazi tunamwita Waya. Alioka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na zilitoka tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Mbili za kwanza tulizitia kwenye katoni katikati ya kiti cha pikapu. Ile ndogo alikataa kuiachia. Ilikuwa ya wazazi wa bwana harusi. Baada ya keki kukatwa, dada yangu angewapelekea mwenyewe, ikiwa nzima, akiwa amepiga magoti, mbele ya watu wote. Waya alitandika kitambaa mapajani akaipakata.

"Hii ndiyo inaenda kuongea na wakwe," akasema akipanda. "Sasa, Baba, wewe ulifundishwa na nani kuendesha?" Waya aliniita Baba kwa sababu nilipewa jina la babake.

"Nilijifundisha, Waya."

"Haya. Hata mimi keki nilijifundisha. Ya kwanza tulilisha mbwa."

Simu ya kwanza ilikuja hata kabla hatujafika Nyamasaria. Niliipokea kwenye mlio wa pili na kuibana kati ya sikio na bega la kushoto, mkono mmoja usukani, mwingine gia. Kitabu kilisema mikono yote miwili ishike usukani, nami nikajiambia simu haikuwa mkononi bali begani. Nilijivunia hoja hiyo kwa kilomita kadhaa.

"Mko wapi?" Mjomba aliuliza kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba umbali unahitaji kelele.

"Tunakaribia Nyamasaria, Mjomba. Pembeni pana mama anauza nyanya."

"Nyanya za nini? Kuja haraka."

Ya pili ilitukuta Rabuor. Nikamtajia rangi ya lori lililokuwa mbele yetu. Ya tatu ikaja kilomita chache baadaye. Waya alikuwa ananitazama shingo.

"Hiyo shingo yako itabaki hivyo," akasema. "Bibi gani atakukubali na shingo imelala?"

Simu ya nne ndiyo iliyoniharibia. Mjomba alisema mchungaji amefika, kwaya imefika, mezani pa keki pana kitambaa tu. "Mmeshapita Ahero?"

Tulikuwa hatujafika. Lakini niliusikia ufunguo ukiondoka katika sauti yake, nikasema, "Tumeshapita, Mjomba."

Mtu wa kawaida akidanganya hivyo husahau na kuendelea na safari. Mimi sikuweza. Uongo ule ulinikaa kama kokoto kwenye kiatu, na dawa niliyoiona ilikuwa moja: kukimbia ili uwe kweli. Nikakanyaga mafuta. Tulivuka daraja la mto Nyando, pale Ahero, Waya akiwa ameikumbatia keki kwa mikono yote miwili, na tukakata kulia kuelekea Katito kwa namna ambayo katika kitabu changu ilichorwa pamoja na alama ya hatari.

Ya tano ikalia.

"Sasa mko wapi kabisa?"

Nilitaka kumpa jibu zuri la kufidia lile la uongo. Upande wa kulia palikuwa na kibao cha shule, rangi imebanduka. Nikaanza kukisoma. Nilisoma herufi za kwanza kwa sauti, simu begani, macho kuleee kwenye kibao, na gari likifuata upande lilipotaka.

"Mtu," Waya akasema.

Hakupiga kelele. Alilisema kama mtu anayekuonyesha kitu mezani. Niligeuka nikaona matawi yameshapita chini yetu, na mbele, ndani ya mpunga, mwanamke ameinama, mgongo kwetu, anaugeuza kwa nyayo, anaburuta mguu mmoja baada ya mwingine. Nilivuta usukani kulia. Kioo cha pembeni kilimpiga leso ya kiunoni, ikafunguka ikabaki inaning'inia kwenye kioo. Gari likasimama katikati ya barabara. Keki ndogo ilikuwa imepanda kioo cha mbele, sukari imeshika, inateremka polepole. Sakafuni sauti ya Mjomba iliendelea kuuliza, "Wapi? Shule gani?"

Sikuweza kufungua mlango. Waya alizunguka kuja kunifungulia, sukari imemjaa kifuani. Yule mwanamke alikuwa amesimama palepale. Hakuumia. Alikuwa mtu mzima, umri wa Mama. Aliichukua leso yake kwenye kioo, akaifunga upya, ndipo akaongea.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mjomba wangu."

"Yeye yuko wapi?"

"Katito."

"Yeye yuko Katito," akasema. "Mimi niko hapa."



Tairi zilikuwa zimepasua turubai na kuchanganya mpunga na mchanga. Waya aliomba nyungo mbili, akanipa moja, akavua viatu vyake vya harusi. Tukakaa pembeni tukipepeta, sisi watatu, mimi nikiwa na suti. Kwa sababu ndivyo nilivyo, nilianza kutoa kokoto mojamoja na kuzipanga. Mwanamke alinitazama.

"Huyu ni mzima?" akamuuliza Waya.

"Ni mzima. Anataka kila kitu kinyooke."

"Angenyoosha gari."

Tulifika kanisani tumechelewa saa nzima na zaidi. Bibi harusi naye alikuwa bado hajafika. Haraka yote ile ilikuwa ya kuiwahi meza na kitambaa.

Njiani nilikuwa nimetunga maelezo: shimo, ng'ombe, breki. Ng'ombe nilimpa hata rangi. Lakini Mjomba aliposimama mbele yangu na kuuliza keki ya wakwe iko wapi, Waya alikuwa kando yangu na sukari kifuani, nikaona aibu kumleta yule ng'ombe. Nikasema yote, pamoja na uongo wa Ahero, leso, na lile neno mtu nililolipigia mstari.

"Nilipiga mara ngapi?" Mjomba akauliza.

"Tano."

Alinyoosha mkono, nikampa simu. Aliifuta sukari kwa leso yake ya mfukoni. Dada yangu aliwapelekea wakwe kipande kilichokatwa kutoka keki ya kati. Alipopiga magoti kila mtu aliona kwamba ni kipande.

Jumatatu ufunguo sikuupata. Nilipakia mabati kwa miezi miwili, na pikapu iliendeshwa na mtu mwingine. Nilipopewa ufunguo hatimaye, Mjomba aliweka sharti moja: simu isikae na dereva. Kwa hiyo kila Alhamisi, nilipompeleka Waya na unga wake sokoni, simu ilikaa mapajani mwake, imefungwa kwa kitambaa kilekile alichopakatia keki. Hakuna aliyemfundisha kitufe cha kupokea, na mimi sikumwonyesha.

Ikilia, aliifunua kidogo, akaiinamia.

"Anaendesha," aliiambia. "Ngoja tufike."

Ikaendelea kulia. Yeye akaifunika tena, nami nikaangalia barabara.