Vikombe Vilivyobaki Usoke

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio. Mfamasia Mfawidhi wa hospitali niliyopangiwa, mjini Tabora, alitaka nifagie stoo, kisha nipange rafu: dawa inayokwisha muda mapema mbele, ya baadaye nyuma. “Na hizi tarakimu usizidharau,” akasema, akigonga chupa kwa kucha. Ilikuwa namba ya toleo, yaani alama ya dawa zote zilizochanganywa pamoja kiwandani. Kukitokea kasoro, zinasakwa kwa namba hiyo. Alikuwa mkali kupita kiasi na sikumpenda.

Baadaye nilihamishiwa Puge, kisha Igalula. Huko akina mama walipima dawa ya maji ya watoto kwa kijiko cha jikoni, na kila nyumba ilikuwa na kijiko chake, kingine kipana kama mwiko. Kwa hiyo kila siku ya kliniki tulihubiri jambo moja: achaneni na kijiko, tumieni kile kikombe cha plastiki kilichomo kwenye boksi. Tulihubiri mpaka wakawa wanatumalizia sentensi. Niliona fahari, sitaficha.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Urambo. Siku moja Mfamasia wa Wilaya akaniita ofisini. Dawa moja ya homa ya watoto ilikuwa inaondolewa sokoni. Lebo ilisema mtoto apewe kijiko kimoja cha chai, yaani mililita tano, lakini mstari wa namba moja kwenye kikombe chake ulikuwa wa kijiko kikubwa, mililita kumi na tano. Mama aliyefuata mstari alimpa mtoto mara tatu ya kipimo, na dawa hiyo ikizidi huharibu ini.

“Nenda Usoke,” akasema. “Rudi na chupa zote za toleo hili.”

Tangazo lilishapita makanisani na mnadani, hivyo chupa zilikuja haraka. Nilikuwa nafunga kamba boksi langu nilipogundua kwamba vikombe havikuwemo, hata kimoja. Nikamuuliza mama kijana aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni.

“Vikombe tumebaki navyo, daktari. Si mlituambia wenyewe tupimie hivyo? Hata sasa hivi mama mkwe anapimia dawa nyingine ya homa.”

“Anampimia nani?”

“Mwanangu Masanja. Homa haijamwachia tangu juzi.”

Nikamwambia anipeleke. Tukiwa njiani kwenda kwake nikampigia bosi. “Agizo linasema chupa,” akaanza, kisha akajisahihisha. “Hapana. Kusanya vikombe. Natuma gari.”

Tulimkuta bibi amempakata Masanja. Mtoto alikuwa amelegea, ametapika. Kikombe kilikuwa juu ya kigoda.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kama umefuata kikombe, sikitoi. Kijiko mlikikataza wenyewe.”

Nilimwambia ukweli: kikombe kina kasoro, hiyo dawa nyingine ni ya aina ileile, na mjukuu wake amezidishiwa tangu juzi. Akanikabidhi mtoto. Kikombe akakifunga kwenye pindo la khanga yake.

Masanja alilazwa, akapewa dawa ya kukinga ini. Wakati wenzangu wakizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya vikombe, mimi nilikuwa nashinda wodini, na hakuna daktari aliyetuahidi kitu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini. Kisha asubuhi moja mtoto akaomba uji, akanuna ulipochelewa.

Siku ya kuruhusiwa nilimletea bibi bomba la plastiki la kupimia dawa, kama la sindano ila halina ncha, nikamwonyesha mstari wa mililita tano.

“Huu mstari kauchora nani?”

“Kiwanda, mama.”

“Na wa kile kikombe?”

“Kiwanda.”

“Basi lete maji nione.”

Nikaleta maji na kipimo cha hospitali, tukapima. Akataka tena. Akachagua mwenyewe bomba jingine kwenye boksi, tukapima na hilo. Muuguzi alishaanza kusonya.

Nimestaafu sasa. Masanja yuko shule, na bibi yake tukikutana mnadani tunasalimiana vizuri, ila dawa hapokei kwa mtu yeyote mpaka ipimwe mbele yake. Nyinyi mnaoanza kazi hii, akija mtu kama huyo dirishani msimnunie. Leteni maji mpime naye. Aliwahi kutuamini bila kuuliza, nusura amzike mjukuu.