Kurasa Saba Nilizoziruka Hewani

Kwenye redio yetu ndogo pale Masasi, Jumapili ilikuwa yangu. Asubuhi nilipiga muziki wa Ulaya wa vinanda na fidla, kutoka kwenye diski alizotuachia mtawa mmoja wa Ndanda alipokuwa anarudi kwao. Alasiri ulikuwa mpira. Saa kumi na moja jioni nilisoma hadithi, na ikifika saa kumi na mbili kamili tulijiunga na kituo cha Dar es Salaam kwa taarifa ya habari. Hiyo saa kumi na mbili haikusogezwa kwa lolote.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alisikiliza vyote tangu asubuhi. Alikuwa mwalimu mstaafu, akiishi Chilangala, na macho yake yalikuwa yamezimika. Muziki ule aliupenda kuliko mimi niliyeupiga. Siku moja alinipigia simu: "Ule wa fidla mbili, mwanangu, ni kama watu wawili wanaogombana kwa heshima."

Mwaka juzi aliniita, akanikabidhi daftari. Ndani mlikuwa na hadithi aliyoitunga mwenyewe, binti yake akiiandika neno kwa neno.

"Uisome redioni," alisema. "Yote. Usipunguze hata neno."

"Sawa, mjomba."

"Na uipitie kwanza."

"Nitaipitia."

Nilisoma kurasa nne. Zilinipendeza. Daftari likaingia mkobani, na wiki nzima nikawa naitangaza hadithi hewani kwa mbwembwe.

Jumapili yenyewe kulikuwa na fainali, timu ya Masasi na timu ya Newala. Mwenzangu alitangaza kwa simu kutoka uwanjani. Mwamuzi alichelewa, mpira ukachelewa kuanza, wakatoka sare, wakaongezewa dakika, bado sare. Ilipofika saa kumi na moja nilipaswa kumkatisha. Sikumkatisha. Hakuna aliyenilazimisha, nilikuwa nimesimama juu ya kiti studioni nikisubiri penalti. Masasi walipofunga la mwisho nilipiga kelele hadi fundi mitambo akaziba masikio.

Nilipogeukia daftari zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano. Hadithi ilihitaji arobaini. Ningeweza kuwaambia wasikilizaji tusubiri Jumapili ijayo. Lakini nilishajisifu mno. Nikaanza kusoma, huku jicho langu likitafuta pa kukata. Nikafika mahali ambapo mke wa mwalimu katika hadithi anaamka na homa. Nikafunua kurasa saba kwa pamoja, nikaangukia pale ambapo mwalimu yuko peke yake shambani, anapalilia mikorosho yake na kumkumbuka marehemu mkewe. Nikaendelea kana kwamba hakuna kitu. Nilimaliza dakika moja kabla ya habari, nikajiona hodari.

Jioni ile nilimpigia mjomba, hakupokea. Jumatatu hakupokea. Jumanne binti yake akanipigia. "Dada, njoo," akasema, akakata.

Nilimkuta mjomba barazani, redio iko pembeni yake, imezimwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Akauliza, "Zile kurasa ulizoziruka, uliwahi kuzisoma?"

"Mpira ulichelewa, mjomba."

"Sikuulizi mpira."

"Sikuzisoma."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akanieleza nisichokijua. Siku ile alikuwa amewaita shemeji zake kutoka Lupaso, dada na kaka wawili wa marehemu mkewe, waje wasikilize pamoja naye. Mwalimu wa kwenye hadithi alikuwa yeye. Miaka ile Chilangala, juu kwenye uwanda, hakukuwa na maji, ilibidi kuyateremkia bondeni, na mkewe aliamka na homa, akamwambia hawezi kwenda. Mjomba alikuwa anasahihisha mitihani. Alimjibu kwamba homa ya asubuhi huisha njiani. Mkewe akateremka, akaanguka kwenye mteremko na ndoo kichwani, na baada ya siku mbili akafariki. Kwa ndugu za mkewe, mjomba alisema tu kwamba aliteleza.

"Wewe ukasoma mtu mwema anayelia kwa ajili ya mkewe," alisema. "Yule shemeji yangu wa kike akanishika mkono, akanishukuru kwamba nilimpenda dada yake. Ningefanyaje? Ikabidi nimwambie kwa mdomo wangu. Mwanangu, niliandika ili nisiseme."

"Akajibu nini?"

"Aliuachia mkono wangu. Waliondoka bila kuagana."

Nikamwambia nitarudia kuisoma Jumapili, yote, na nitaomba radhi hewani. Akakataa. Alisema waliohitaji kusikia wameshasikia, tena vibaya, kwa sababu alibabaika na kujitetea.

Usingizi wangu wiki ile ulikuwa wa shida. Nilizisoma kurasa saba mara nyingi. Hazikujitetea hata kidogo. Mwalimu anaeleza rangi ya wino aliokuwa nao mkononi wakati mkewe anatoka, na kwamba aliusikia mlango lakini hakuinua kichwa.

Nilimwomba mjomba ruhusa, nikaenda Lupaso na daftari. Dada wa marehemu alinipokea nyuma ya nyumba, anatwanga. Aliuacha mtwangio, akakaa chini, nikamsomea kurasa zote saba. Alipangusa uso kwa ncha ya kanga.

"Siku ile kwa nini hukuzisoma?" akauliza.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Yakanitoka mawili tu: "Kwa mpira."

"Alivyosema yeye, nilimchukia," akasema. "Hivi alivyoandika, sijui. Niachie hilo daftari."

Nilimwachia. Miezi ikapita bila neno. Wakati wa kuokota korosho alimtumia mjomba salamu, salamu tu, kupitia kwa mtu wa Newala, naye mjomba alinipigia kunieleza kwa sauti ya mtu aliyepewa kitu kikubwa. Lakini Chilangala shemeji hajakanyaga tena. Mjomba bado ananiitikia shikamoo yangu vizuri, na muziki wa asubuhi bado anausikiliza. Binti yake anasema sasa anatunga hadithi nyingine. Mimi hajanitajia, nami sijathubutu kuuliza.