Nyayo Chini ya Mabeseni

Mama yangu alifunika nyayo za tembo kwa mabeseni. Yalipomwishia akaongeza sufuria ya pilau, kifuniko cha pipa na ungo. Nilipofika Vihingo kutoka kwangu Mkuza nilikuta mihogo imeng'olewa, migomba imelala chini, na vyombo vya jikoni vimepangwa katikati ya shamba kana kwamba kulikuwa na shughuli na wageni wametoroka.

"Mvua ikizifuta hizi, nimekwisha," aliniambia. "Afisa lazima azione kwa macho yake."

Mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyamapori hulipwa na serikali kifuta jasho, na mama alikuwa ameambiwa aliache shamba kama lilivyo mpaka afisa aje kupima. Basi hakupanda tena, hakuokota hata muhogo wa kuchemsha. Nilimsihi tuondoke akakae kwangu. Alisema atakuja, tena kwa hiari yake, ila si kabla ya kupimiwa. Shamba lile ndilo lililonisomesha, na hakutaka kuliacha kama mtu aliyefukuzwa. Niliudhika sana. Mama akishikilia jambo, afadhali ubishane na ukuta.

Nikabaki naye kumsubiri afisa. Mchana ule ngurumo ilisikika, nzito, ya chini chini, nikaihisi kifuani zaidi kuliko masikioni. Tulikimbia shambani kuweka mawe juu ya mabeseni. Mvua haikuja. Kesho yake ikanguruma tena, tukakimbia tena, huku tukichekana. Ndipo nilipotazama juu nikaona anga jeupe, halina hata wingu la kusingizia. Mbuzi wa mama nao walikuwa wamegoma kula upande wa korongo, penye kichaka kizito, ingawa majani mabichi yote yalikuwa huko. Nilijiambia mbuzi wana vituko vyao.

Hatimaye afisa wanyamapori akafika na pikipiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu ujionee."

Kabla ya kupima alitaka kujua mnyama alipita wapi. Akawa anafunua chombo kimoja baada ya kingine, akifuata nyayo kutoka barabarani, kupita kwenye mihogo, mpaka mwisho wa shamba. Huko akasimama mbele ya kichaka, ungo mkononi.

"Mama, hizi zote zinaingia. Za kutoka umezifunika wapi?"

"Za kutoka sikuziona."

Ile ngurumo ikaja tena, safari hii kutoka ndani ya kichaka, na majani yakatikisika bila upepo. Tembo hakuwa ameondoka. Siku zote zile, kila aliponguruma, tulikuwa tunamkimbilia.

"Turudi kinyumenyume," afisa alinong'ona. "Taratibu. Msikimbie."

Tulirudi hivyo hadi kwenye migomba iliyolala. Nikanyoosha mkono kumshika mama, nikakosa. Alikuwa amebaki kule kule, ameinama, amekipa kichaka mgongo, anarudisha mabeseni juu ya nyayo bila kuyagonganisha.

"Mama!" nilimwita.

"Hajapima bado," alinijibu kwa kunong'ona. Kisha akamnyooshea afisa mkono. "Baba, niletee ungo wangu. Unyayo wa mwisho uko wazi."