Miguu ya Mpwa Wangu

Mpwa wangu amenizidi umri. Dada yangu wa kwanza alianza kuzaa wakati mama yetu naye bado anazaa, kwa hiyo huyo mpwa alipokuwa anachunga mbuzi mimi nilikuwa sijaota meno. Mtu wa mbali atasema hilo si neno. Ni neno. Kwetu huku mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba ni mgeni aliyekuja kuoa. Binti haolewi na maiti haishushwi kaburini mpaka mjomba aseme, na mjomba huamkiwa shikamoo hata kama jana alikuwa ananyonya. Lakini mkubwa wa umri naye huamkiwa. Basi nani aanze? Hapo ndipo mimi na yeye tulipokwama, na sioni haya kuliandika.

Mama alikufa nikiwa mdogo, dada akanichukua, tukakulia nyumba moja kule Kidete, mimi na huyo mwanawe. Dada alikuwa mkali. Jua likizama hakuna kuingia ndani na miguu michafu. Beseni la bati lilikaa mlangoni, lina tundu lililozibwa kwa lami. Unashika mguu wa kulia, unauuliza: leo ulinipeleka wapi, nikafanya nini huko? Unauosha. Halafu wa kushoto, vilevile. Kama kuna uliyemkosea, unavaa ndala unarudi kwake kabla hujala. Dada alisema majuto ni uchafu wa jana uliolala nao kitandani.

Juzi juzi hapa Kilosa alikuja kijana wa mjini, viatu vyake vina ncha kama mdomo wa korongo, akatukusanya wazee ukumbini kutufundisha kuishi bila majuto. Kila jioni, anasema, kaa chini ujitafakari. Nikamuuliza yeye huoshea wapi miguu. Akacheka, akadhani nimechanganyikiwa. Niliondoka kabla soda hazijagawiwa, na mimi soda naipenda.

Turudi. Mpwa alisomeshwa misheni, akawa karani wa stesheni. Mimi nilifika darasa la pili, likanitosha. Miaka yote hiyo tulikuwa tunakwepana kwa vijisalamu vya juu juu, habari, nzuri, kama watu waliokutana dirisha la tiketi. Mpaka dada alipofariki. Kaburini nilisimama kusema neno la mjomba, nikakuta yeye ameshasimama. Nikamwambia mbele ya watu aniamkie kwanza, ndipo tujue nani aseme.

Akavua miwani. Akaifuta taratibu.

"Shikamoo maana yake nashika miguu yako," akasema, kwa sauti ileile ya kutangaza treni. "Huyu nilimbeba mgongoni, akanikojolea. Leo nishike miguu ya nani?"

Watu wakacheka. Msibani. Mchimba kaburi aliegemea jembe lake akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi sikumbuki kukojoa. Shahidi aliyebaki ni yeye peke yake, na ushahidi wa mtu mmoja si ushahidi. Tena anayembeba mtoto bila kumfunga vizuri alitegemea nini?

Tangu siku ile, basi. Alipostaafu akahamia Mikumi, akajenga nyumba kando ya barabara kuu, usiku kucha malori yanamngurumia masikioni, na inamstahili. Akija sokoni Kilosa hupita mbele ya baraza yangu huku anakohoa, kile kikohozi cha mtu asiyeumwa. Mimi nilikuwa natema mate, si upande wake, lakini si mbali nao. Jioni nikifika kwenye beseni nauliza: leo nimepishana na mpwa na sikumsemesha, je, nimekosa? Mguu wa kulia, hapana. Wa kushoto, hapana. Nalala usingizi mzito.

Halafu siku moja akaja mkewe. Akaniamkia vizuri kwa kupiga goti, nikaitika marahaba. Huyo mama sina neno naye. Akaeleza kwamba mumewe miguu imekufa ganzi, hospitali wamempa dawa wakamrudisha nyumbani, na sasa anakataa kula. Tena amechanganyikiwa, anasema. Kila jua likizama analilia beseni. Wakimletea na kumshikia kidevuni ili atapike, hatapiki, analipiga kofi linaruka huko.

Mimi nilinyamaza.

"Mjomba, nenda mkaamkiane," akasema. "Akifa hivihivi utajuta."

Neno hilo likaenea Kilosa kama moshi wa jalala. Muuza mkaa, utajuta mzee. Kiongozi wa kwaya, ambaye na nduguze mwenyewe hawasikilizani, utajuta mzee. Wanalisema midomo imelowa, kama watu walioahidiwa pilau. Nikawaambia majuto yangu yakija nitawaita waje kuyatazama. Kwa sasa waniondokee mlangoni.

Jioni ile nikaosha miguu. Wa kulia ukasema hapana. Wa kushoto ukanyamaza. Nikausugua kwa jiwe. Kimya. Nikakaa pale mpaka maji yakapoa, ndipo nikaelewa. Kumnyima shikamoo ni haki yangu na nitakwenda nayo kaburini. Lakini mkewe aliposema beseni mimi nilijua ni beseni la nini, nikanyamaza. Kumwacha mtoto wa dada yangu alale na miguu michafu, wakati duniani nimebaki mimi tu ninayeelewa anachoomba, hilo dada hakunifundisha.

Kesho yake nikapanda basi la Mikumi. Vumbi la njia ile halina adabu, linaingia mpaka kwenye mawazo. Tulipofika barabara ya lami nyani walikuwa wamekaa ukingoni, wameshika magoti, kama wajumbe wanaosubiri kikao. Nikasema moyoni, hata nyie mmekuja kunitazama.

Nyumba ilikuwa imejaa. Nilipoingia chumbani watu wakakata mazungumzo, shemeji mmoja akaweka kabisa kikombe chini asije akapitwa. Nilijua wanachosubiri. Mpwa akatazama dari. Mimi nikatazama kalenda ya ukutani, ilikuwa ya zamani. Lori likapita, vioo vikatetemeka, likaja lingine.

Mwanga ulipoanza kuwa mwekundu dirishani mpwa akasema, "Beseni."

Mkewe akalileta, la plastiki, analipeleka kidevuni. Nikamnyang'anya. Nikaomba maji ya vuguvugu, nikaliweka chini, nikawaambia wamkalishe ukingoni mwa kitanda. Mama mmoja akaanza kusema ni kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Nikamwambia wanafunzi wale hawakuwa na mdomo kama wa huyu.

Nikapiga magoti, maana mgongo wangu haukunjiki tena. Miguu ya karani, laini, imeanza kuchanika visigino kwa kulala, na katikati ya vidole uchafu. Nikaushika wa kulia. Macho yake yakashuka toka darini pole pole mpaka yakafika kwenye mikono yangu, yakatulia hapo. Hakulia, asije mtu akawaambia alilia. Alivuta pumzi, chumba kizima kikaisikia.

"Marahaba," akasema.

Nyumba ikaangua kicheko. Nimepiga magoti, mguu umelowa mkononi, kama mwizi aliyekamatwa kuku kwapani.

"Sikukuamkia," nikasema.

"Umeshika miguu, mjomba. Wote wameona."

Nikauachia ukadondoka kwenye beseni, maji yakamrukia mpaka kidevuni. Nikasimama niondoke.

"Bado wa kushoto," akasema.

Nikaurudia, kwa sababu aliyeoshwa mguu mmoja hajaoshwa. Niliusugua mpaka akauma mdomo. Nikamsikia ananong'ona, anauuliza ule mguu, leo umenipeleka wapi.

"Hujaenda popote," nikamwambia. "Umelala kutwa nzima."

"Sijakuuliza wewe."

Usiku huo alikula ugali na kisamvu, akaomba kuongezwa. Sasa anatembea kwa mkongojo, na pale Mikumi hakuna dereva wa lori ambaye hajasimuliwa jinsi mjomba alivyofunga safari toka Kilosa kuja kumwamkia. Akija sokoni hakohoi tena. Akifika mbele ya baraza yangu anasimama, anaegemea mkongojo, ananyanyua mguu mmoja kidogo, anautikisa. Mzee mzima, mbele ya watu. Mimi natema mate, na siku hizi nayatema upande wake.

Sijamwamkia na sitamwamkia. Akitangulia kufa, nitasimama kaburini na nitasema wa kwanza, na safari hii hatakuwepo wa kufuta miwani.

Jioni naweka beseni mlangoni. Nauliza miguu kama inajuta kunipeleka Mikumi. Wa kulia unasema hapana. Wa kushoto nao, hapana. Mikono sijaiuliza.