Salamu za Siku Aliyokufa Mwimbaji

Nilizaliwa siku aliyofariki mwimbaji mmoja wa dansi ambaye nchi yetu ilimpenda kupita kiasi. Wakunga, kama alivyonisimulia mama, walikuwa wakijifuta machozi huku wakinifuta mimi, na redio ya wodini ikirudia nyimbo zake. Baba alipokuja kuniona alisema, "Nchi nzima inalia, na wewe nawe umeona ulie." Nyumbani kwetu, basi, siku yangu haikuwa na keki. Ilikuwa na redio. Kila mwaka mtangazaji wa kipindi cha salamu alikumbusha yaliyotokea siku kama ile katika muziki: bendi iliyovunjika, santuri iliyotoka. Alipofika kwa marehemu, baba alinigeukia kana kwamba nimetajwa mimi.

Baba alikuwa mtu wa salamu. Zamani alinunua kadi dukani, akajaza majina ya wanaosalimiwa, akachagua wimbo, akaipeleka posta. Simu za mkononi zilipokuja alihamia kwenye ujumbe mfupi, lakini mtindo hakuubadili. Tangu nije Dubai, tarehe yangu haikupita bila jina langu kusomwa: "Zimfikie binti yangu anayesimamia uwanja wa ndege wa Dubai." Mimi hushughulikia hati za mizigo katika ofisi moja ya eneo huru la biashara la uwanja huo. Nilimsahihisha mara nyingi, naye akanijibu kwamba redioni hakuna nafasi ya maelezo.

Huu ni mwaka wa kwanza tangu tumzike baba. Tarehe iliangukia Jumapili. Nilikaa kitandani katika chumba tunachokodi mtaa wa Al Muraqqabat, mimi na binti mmoja wa Tanga anayefanya kazi hotelini Al Barsha, nikafungua redio ya nyumbani kwenye simu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba ni siku yangu. Nilitaka kujua kama yuko aliyekumbuka bila kukumbushwa.

Mtangazaji alieleza kifo cha mwimbaji kwa maneno yaleyale ya kila mwaka. Salamu zikaanza: watu wa Kitale, watu wa Voi, mwalimu mkuu mstaafu, kwaya nzima ya kanisa fulani. Nilisikiliza kila jina. Langu halikuwamo.

Ndipo nikaandika ujumbe mwenyewe. Katika salamu, jina la anayetuma husomwa kwanza, kisha majina ya wanaosalimiwa. Nilipofika hapo pa pili nilikwama, maana miaka yote mimi ndiye niliyekuwa wa kusalimiwa. Mwishowe nikamwandika binti wa Tanga, aliyekuwa akipiga pasi sare yake.

Haukupita muda, tukasomwa.

"He! Mimi huyo?" Pasi ilibaki hewani. "Dada, umenipeleka redioni hata sijaoga!"

"Wamekusikia tu, hawajakuona."

"Khalas, basi, leo hotelini wote wataniamkia. Na wewe, nani kakusalimu?"

"Mimi zamu yangu bado."

Alicheka, akachukua taulo lake, akaenda bafuni akiufuatisha wimbo niliouchagua, ambao ndio baba alikuwa akiuchagua kila mwaka.

Simu iliita, redio ikakatika. Alikuwa mdogo wangu, aliyebaki na duka la baba na ile redio iliyo juu ya rafu. Nikapokea upesi kuliko ilivyonipasa.

"Dada, ni wewe umetuma salamu?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa nampimia mteja misumari. Nikasikia Dubai, halafu jina lako, halafu ule wimbo. Nikadhani ni mzee."

Nyuma yake sauti ya mtu iliuliza kama misumari imefika kilo.

"Nitakupigia baadaye, dada," alisema. Tarehe hakuitaja, wala sikumkumbusha.

Redio iliporudi, wimbo ulikuwa umekwisha na mtangazaji alikuwa akisoma habari za mvua. Niliizima pasi, ambayo binti wa Tanga alikuwa ameisahau, nikaitundika sare yake mlangoni.