Mafundo Saba kwenye Kyayi

Mke wangu alikwenda Mbale kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi kwao kwa mtoto wa kwanza, na nilimtarajia baada ya siku arobaini. Hakurudi. Uzazi ulimwumiza nyonga, na muuguzi wa kule alimkataza kabisa basi na lori. Akasema anaweza kusafirishwa kwa gari dogo tu, lenye springi laini, kiti kikiwa kimelazwa nyuma, na dereva asiye na haraka.

Dereva asiye na haraka nilikuwa mimi. Gari dogo nilikuwa nalo. Springi laini ndizo sikuwa nazo.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la kijivu, aliloniachia marehemu baba. Nililiweka chini ya bati nyuma ya fleti za Bukoto, hapa Kampala, mahali palipokuwa gereji yangu. Kwa nje lilipendeza. Lakini kingipini, zile pini nene ambazo magurudumu ya mbele huzungukia yanapokata kona, zilikuwa zimelika, na shokomzoba zilikuwa zimevuja mafuta yote. Ukipita shimo dogo, unalisikia kwenye meno. Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi. Waliokuwa wakiuza spea mjini walikwishafukuzwa nchini, na maduka yao wakapewa watu ambao hawakujua kingipini ni ya gari au ya cherehani. Kilichokuwa rafuni kilipokwisha, kilikwisha.

Nikaamua kulibadilisha gari miguu ya mbele yote. Nilipata gari la Kijapani lililogongwa nyuma hadi likajikunja, lakini mbele yake ilikuwa nzima: springi za mviringo, shokomzoba zisizovuja, na bol joint mahali pa kingipini. Ukiikandamiza kwa mkono, ilishuka taratibu na kupanda taratibu. Niliikandamiza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa namwona mke wangu amekaa pale.

Sasa nieleze habari ya kyayi. Kyayi ni ganda kavu la mgomba. Kampala watu hukitumia kufungia kila kitu: mzigo wa matoke, chakula kinachopikwa, mlango wa banda la kuku. Pia ni kipimo. Ukitaka fundi seremala akutengenezee kitanda, unampelekea kyayi chenye fundo. Mke wangu hakuandika barua ndefu, kwa sababu tuliamini barua hufunguliwa njiani, na kuamini kulitosha. Badala yake, kila mwezi dereva mmoja wa lori la vitunguu aliniletea kyayi kilichosokotwa. Mwanzo wake ni kisigino cha mtoto, fundo ni utosi. Cha kwanza nilikilaza juu ya benchi ya kazi, nikaweka kando yake spana ya magurudumu. Binti yangu aliizidi spana kwa vidole vitano. Mwezi uliofuata akaizidi kwa vidole saba na nusu. Vyote nilivitundika kwenye msumari mmoja, juu ya benchi.

Kwa hiyo nami nilipoanza kutafuta spea za kuunganisha miguu hiyo na gari la baba nilitumia kyayi. Kulikuwa na sababu nyingine pia. Fundi mwenzangu alikutwa kwenye kizuizi cha askari barabarani na karatasi yenye mchoro wa gia-boksi, akakalishwa juani kutwa nzima akiulizwa ni ramani ya nini. Hakuna askari aliyeuliza ganda la mgomba ni la nini. Nilifunga mafundo saba: upana kati ya gurudumu na gurudumu, umbali wa bolti na bolti, urefu wa tai rodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili, urefu wa mikono ya usukani inayoyageuza, na mengine matatu ya aina hiyo. Kila nilichokuta kwa wauza vyuma nilikilinganisha na mafundo yangu. Kazi hiyo ilikula majuma mengi. Kilichokuwa kirefu nilikiacha, kifupi nikakiacha, hadi kila fundo likapata chuma chake.

Jirani yangu alikuwa dereva wa polisi, mtu wa kaskazini, mkubwa wa mwili na mpole. Tulimwita afande hata watoto wake walipokuwa wakimwita baba. Asubuhi moja alikuja na chai yake mkononi kushuhudia majaribio. Nikamwomba akae kwenye usukani, mimi nitembee mbele nikitazama magurudumu. Nikamwambia akate kulia, kuelekea lango. Gari likageuka kushoto, polepole na kwa adabu, likaingia kwenye kamba ya nguo za mke wake.

Afande alizima injini. Alitoka, akaondoa shuka kwenye taa, akalikunja vizuri kabla ya kusema neno.

"Fundi," alisema, "hii gari ataua wewe kwa rodibloku. Askari nasema enda kulia, yeye naenda kushoto. Nani ataamini ni spea?"

Alicheka, nami nikacheka, ingawa alikuwa amesema kweli. Nilikaa juu ya tairi. Msumarini kulikuwa na vyayi vinne.

Kosa langu ni jepesi kulielewa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika spana. Chukua mwiko, uuweke mezani, uukandamize katikati kwa kidole kimoja. Sasa usukume mpini wake kuelekea kushoto. Kichwa kimekwenda kulia, sivyo? Rudia, lakini safari hii sukuma kichwa chenyewe kuelekea kushoto. Kimekwenda kushoto. Gurudumu ni mwiko huo. Gari la baba yangu lilisukuma magurudumu kwa nyuma, kwenye mpini. Lile la Kijapani lilijengwa kusukumwa kwa mbele, kwenye kichwa. Mimi nilikuwa nimeunganisha boksi la usukani la zamani na mikono mipya inayotazama mbele. Urefu ulikuwa sawa kabisa, fundo kwa fundo. Kyayi hakikuniambia mkono unatazama wapi, kwa sababu sikukiuliza. Wewe unayeanza kazi hii, likikupata jambo kama hilo usitupe spana. Kosa unaloweza kulieleza kwa mwiko ni kosa linalotengenezeka.

Nilikwenda Bwaise kwa mzee mmoja muuza vyuma, wa ukoo wa Waislamu waliofika zamani kwa biashara kutoka pwani. Kila mtu alimwita Hajji. Banda lake lilikuwa mahali pa chini ambapo maji ya mvua huingia bila kubisha hodi, kwa hiyo mali yake nusu ilikuwa juu ya meza na nusu chini ya matope. Nilimweleza yote. Alikishika kyayi changu, akakipitisha vidoleni fundo baada ya fundo, kama mtu anayevuta tasbihi.

"Umepima vizuri, mwanangu," alisema. "Umepima urefu. Uso hukuupima."

Kisha akaniuliza, kana kwamba ndilo swali lililofuata, mke wangu hajambo. Nikamwambia habari za nyonga, na za mtoto ambaye sijamwona. Hajji aligeukia matope yake. Akasema waliounda lile gari la Kijapani waliunda pia pikapu, kubwa kidogo, na habu zake, yaani vitovu vya magurudumu, ni zilezile, ila pikapu husukumwa kwa nyuma. Alikuwa nayo moja. Tatizo ni kwamba ilizama misimu mitatu ya mvua iliyopita, pale, kwenye majani ya magimbi, na hakumbuki imelala upande gani.

Tuliichimba siku mbili. Hajji alikaa kwenye kiti cha mbao akielekeza kwa fimbo, na kila nilipogonga chuma alisema hicho sicho kabla hata sijakitoa. Siku ya pili afande alifika na koleo la kituoni kwao, akavua shati la sare, akalitundika mbali na matope. Alipoingiza mkono wake mrefu chini ya ekseli, uso ulibadilika.

"Fundi, leta kamba yako."

Nilifungua mkono wa usukani alioupapasa, nikauosha kwenye dimbwi, nikaweka kyayi juu yake. Ulifika kwenye fundo. Kisha nikaugeuza, nikautazama uso. Ulitazama nyuma.

Kutu ilikuwa ya juu tu, kwa sababu matope yaliyofunika chuma vizuri hukilinda kuliko hewa. Hata hivyo niliisugua mikono yote miwili, wa kulia na wa kushoto, kwa siku nzima, nikaichunguza juani kutafuta ufa. Kwenye usukani usikubali ufa hata wa unywele. Nikafunga, nikatia pini za kuzuia nati, nikamwita afande na chai yake. Alikata kulia. Gari likaenda kulia. Mke wake, ambaye alikuwa ameanua nguo zote mapema, alipiga kigelegele dirishani.

Siku ileile dereva wa vitunguu alileta kyayi cha tano. Niliondoka kesho yake asubuhi kikiwa mfukoni. Afande alipanda nami hadi daraja la Jinja, na sare yake ilitufungulia vizuizi vinne. Darajani alishuka, akapiga boneti makofi mawili kama anavyopigwa ng'ombe mzuri, akasubiri lori la kumrudisha.

Mbale mke wangu alikuwa amekaa barazani, mtoto magotini. Alikuwa amekonda. Nilitembea kutoka gari hadi barazani nikijua kwa hakika urefu wa binti yangu, kwa vidole na nusu vidole. Lakini uso wake sikuwa naujua hata kidogo, wala sikuwa nimejiandaa kuona kwamba ni uso wa marehemu baba. Nilisimama. Mtoto alinitazama kama anavyotazamwa mgeni, akaanza kulia.

"Usimlaumu," mke wangu alisema. "Kila gari likipita namwambia ni baba. Amechoka kudanganywa."

Tulilaza kiti, tukakitandikia magodoro mawili ya kitoto na kanga. Mama mkwe wangu alikandamiza kona ya gari kwa mkono, likashuka taratibu, likapanda taratibu, akatikisa kichwa kuridhika. Nilipowasha injini mke wangu alifumba macho akashika mlango, akijiandaa.

Nje kidogo ya mji kulikuwa na shimo ambalo sikuweza kulikwepa. Magurudumu yaliingia, yakatoka. Nilisubiri kumsikia mke wangu akiguna kwa maumivu. Nilipogeuka, bado alikuwa amefumba macho, lakini mkono ulikuwa umeachia mlango. Mtoto alikuwa amekivuta kyayi kutoka mfukoni mwangu, akikitafuna pale penye fundo.

"Hilo lilikuwa shimo?" aliuliza mke wangu.

Nikamwambia ndiyo. Akasema basi niendelee, lakini nisikimbie, maana alitaka kuiona njia yote.