Kola Alivyojitambulisha

Kiwandani kwetu hakuna aliyeitwa jina lake. Uliitwa kipande unachoshona. Wa mikono aliitwa Mkono, wa vifungo Kifungo, mimi nikawa Mfuko, na dada aliyeketi mashine ya tatu kutoka kwangu alikuwa Kola. Hata alipofiwa na mumewe, tangazo la ubaoni lilisema "Kola amepatwa na msiba," na kila mtu akaelewa.

Kola hakuwa msemaji. Si upole huo. Kinywa chake kilijaa pini tangu asubuhi mpaka kengele ya kutoka. Shati lenye kosa hakulipeleka kwa msimamizi, ambaye angekufokea mbele ya watu wote. Alilirudisha mwenyewe, amelikunja vizuri, amechomeka pini moja pale ulipokosea. Mwaka wangu wa kwanza nilirudishiwa mashati mpaka nikamchukia. Nilidhani ananionea. Ujinga ni mzigo, jamani.

Kiwanda kikafungwa. Miezi saba tulikaa nyumbani tukihesabu vigae, kisha tukasikia karakana moja ya sare za wauguzi inatafuta msimamizi mmoja na fundi mmoja. Kola akaomba usimamizi, mimi ufundi. Kushona sikuogopa. Niliogopa kusema. Mara mbili nilishaitwa kwenye usaili kwingine, nikaambiwa "Tueleze wewe ni nani," nikanyamaza kama maji mtungini. Mara zote mbili nilirudi nyumbani mikono mitupu.

Binti yake Kola, karani wa ofisi, alitukalisha sebuleni jioni tatu.

"Mama, usianzie ulipozaliwa. Sema: mimi ni mchapakazi, najituma, nafanya kazi vizuri na wenzangu."

"Wakiniuliza nani kasema?"

"Mama, we sema tu!"

Tukakariri kama kasuku.

Siku ilipofika tulikaa kwenye benchi la korido, tumepiga pasi mpaka soksi. Kola akaitwa kwanza. Ukuta wa ile ofisi ulikuwa wa mbao nyembamba, nikasikia hata kiti kilivyolia alipoketi.

"Karibu, mama. Tueleze, wewe ni nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

Akajibu: "Mimi ni Kola."

Nikashika kichwa. Jioni tatu za binti wa watu zimekwenda na maji! Ndani bwana mmoja alicheka. Kola akalazimika kueleza majina yetu ya kiwandani, mmoja baada ya mwingine.

"Sasa mama," yule mwanamke akasema, "sisi tunatafuta mtu wa kusimamia nguo nzima. Wewe miaka kumi na minne umeshona kola tu?"

"Kola tu."

Nikajua kwisha habari yake. Lakini hakunyamaza.

"Ila kola haikai sawa kama bega limekosewa. Kwa hiyo nilikagua kila shati kabla sijaligusa. Makosa ya wote yalipita mikononi mwangu, na kila mtu nilimrudishia lake kimyakimya, alirekebishe mwenyewe. Huyo Mfuko mliyemwita, yuko hapo nje. Alipoanza, mifuko yake ilipinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Nilimrudishia mashati kumi kwa siku. Aliyafumua yote, akashona upya. Mwaka wa tatu halikurudi hata moja. Sijaona mkono ulionyooka kama wake, na hilo sijawahi kumwambia. Mkinipa kazi, nitamtaka yeye. Msiponipa, yeye mchukueni."

Nililia pale kwenye benchi, sioni haya kusema. Miaka tisa nilidhani mtu yule ananihesabia makosa, kumbe alikuwa ananilea. Mama yangu mzazi alinifunza mengi, Mungu amlaze pema, lakini mkono huu unaonipa mkate ni kazi ya Kola. Nashukuru leo, nitashukuru mpaka nizikwe.

Akatoka ameinamisha uso. "Nimeharibu, mdogo wangu. Yote nimesahau."

Kabla sijamjibu, nikaitwa. Ndani walikuwa wawili: mwanamke mwenye miwani, na yule bwana aliyecheka. Mwanamke alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi ya maswali. Nikajua linalokuja.

"Wewe ndiye Mfuko?"

"Ndiyo, mama."

Akaiweka kalamu chini. "Keti. Wewe umeshatambulishwa. Hebu tueleze yeye ni nani."

Basi mimi, niliyeshindwa mara mbili kutaja hata jina langu, nikafungua mdomo. Nilisema ya mashati na ya pini. Nilisema wangapi aliwaepusha na matusi ya msimamizi, na jinsi alivyorudi kazini baada ya matanga akashona kola mia bila kupinda hata moja. Nilisema mpaka yule bwana akanyanyua mkono.

"Inatosha, dada," akasema. "Jumatatu njooni wote wawili."